Bundi Uani kwa Mama

Wifi yangu si mtu wa kupiga simu asubuhi. Akipiga asubuhi, ujue kuna msiba au ng'ombe wamepotea. Siku ile ndiyo kwanza nafungua duka, pale Bariadi mjini, bado natundika vitenge mlangoni, simu ikaita. Hakunisalimia hata. Akasema, "Wifi, njoo umwone mama. Anafuga bundi."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza bundi gani, kana kwamba wako wa kufugwa na wasiofugwa.

"Bundi bundi, wifi! Yuko uani, ndani ya tenga. Mama kamfunga bawa kama anavyofunga watu mikono. Mimi nimechukua watoto wangu niko kwa dada yangu, na sirudi mpaka wewe uje."

Kaka yangu alikuwa mbali, kwenye malisho na ng'ombe, na huko simu haishiki. Nilifunga duka. Vitenge nilivyokwisha kutundika niliviviringisha tu nikavitupa ndani, na mimi ni mtu wa kukunja vitu kwa mistari. Nikapanda bodaboda kuelekea Sapiwi, kwa mama. Njia nzima nilikuwa namgombeza mama kimoyomoyo, mpaka yule kijana wa bodaboda akaniuliza kama nazungumza naye.

Mama yangu huunga mifupa. Alifundishwa na bibi yake, na pale kitongojini mtu akianguka, ndama akivunjika mguu, au mbuzi akikanyagwa na mkokoteni, analetwa kwake. Hana dawa ya siri. Ana vidole vyake, ana samli ya kuchulia, ana vipande vya mabua ya mtama anavyovichonga kuwa mabanzi ya kushikiza mfupa, na ana kanga kuukuu za kuchana. Nimemwona akipitisha kidole juu ya mkono wa mtu huku amefumba macho, akasema, "Hapa," na mtu akapiga yowe. Watu walimheshimu kwa hilo. Lakini heshima ya namna hiyo ina upande wa pili, maana mtu anayejua kuunga, watu huamini anajua na kuvunja.

Na tena mama alikuwa mjane, mzee, analala peke yake kwenye nyumba ya kwanza ukielekea kisimani. Macho yake mekundu. Ni moshi tu. Kule kwetu kuni ni shida, mwanamke anapikia samadi kavu na mabua ya pamba, anainamia moshi ule tangu ni binti mpaka azeeke, macho yatakuwaje? Lakini kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu watu humtazama mara mbili. Nilipokuwa shule ya msingi, bibi mmoja wa kitongoji cha jirani alikatwa mapanga kwa ajili ya macho hayo. Nyumba yake ilikuwa njiani kwangu. Mlango ulifungwa kwa waya, na kuku wake waliendelea kuzunguka pale uani, hakuna wa kuwafungulia banda. Sijawahi kuwasahau wale kuku. Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini nilifunga duka kwa sababu ya ndege.

Nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda, uani, mbele kabisa, si nyuma ya nyumba ambako mtu mwenye akili angejificha. Kwetu mtoto wa kike humwamkia mama yake kwa magoti, hata awe amekasirika. Nikapiga magoti na hasira zangu, nikamwamkia mayo, yaani mama, kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayo."

"Mwangaluka, ng'wanawane, mwanangu. Umefunga duka?"

"Nimefunga. Yuko wapi?"

Akafunua tenga. Bundi alikuwa na uso mweupe, mpana kama kisahani, na macho meusi yasiyopepesa. Bawa moja lilikuwa limefungwa kwenye ubavu kwa utepe wa kanga ya maua ya zambarau, kanga ambayo nilimnunulia mimi mwenyewe. Chini ya utepe niliona ncha za mabanzi, membamba kama njiti za kiberiti. Aliponiona alitoa sauti ya kama mafuta ya moto yanayomwagiwa maji. Nikaruka nyuma. Mama akacheka kidogo.

"Watoto walimpiga mawe," akasema. "Mfupa umekatika hapa, karibu na bega. Mfupa wake ni mtupu ndani, ujue. Kama bua. Sijawahi kushika mfupa mwepesi namna hii."

"Mama, huyu ni bundi."

"Naona."

"Watu watasema."

"Wamekwisha kusema," akajibu, na akafunika tenga lake.

Kama ingekuwa hayo tu, ningemchukua ndege yule nikampeleka porini, na mama ningempakia kwenye bodaboda kwa nguvu. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na mama alinieleza huku akichambua dagaa, kama vile ananipa habari za mvua.

Ni hivi. Mafundi wa mifupa wa zamani kwetu, akiletwa mtu aliyevunjika, huomba waletewe na kuku. Wanamvunja yule kuku mguu, wanamfunga banzi sawasawa na mgonjwa. Kuku akianza kukanyaga, wanajua mfupa wa mtu nao umeshika, banzi linafunguliwa. Mama alifundishwa hivyo na alifanya hivyo miaka na miaka. Mimi mwenyewe nimemshikia kuku, na mlio ule wa mfupa ninaujua. Kisha uzee ulipomwingia akaanza kuona huruma. Hakutangaza kwa mtu. Alimpeleka kuku nyuma ya nyumba, akamfunga banzi kwenye mguu mzima, akarudi naye anachechemea kwa sababu ya banzi lenyewe. Watu wakaridhika, kuku wakapona haraka ajabu.

Sasa jirani yetu wa ng'ambo ya shamba, bibi wa rika la mama, mjukuu wake wa kike aliteleza juu ya mkokoteni wa ng'ombe uliojaa pamba, akavunjika mkono. Wakamleta kwa mama na kuku wao. Mama akaunga. Lakini bibi yule ni mtu wa kushuhudia kila kitu kwa macho yake. Akasema kuku avunjwe palepale mbele yake, asikie mlio. Mama akakataa. Bibi akang'ang'ania. Na mama yangu, ambaye hajui kunyamaza kama mimi binti yake nisivyojua, akachoka, akamwambia, "Ndege aliyevunjika ninaye tayari. Kwa nini nivunje mwingine?" Akafunua tenga.

Yaani, mama! Akamwonyesha!

Kufikia jioni kitongoji kizima kilijua kwamba mkono wa mtoto yule umefungwa pamoja na bundi. Bundi akipona, mtoto atapona. Bundi akifa, mkono umekufa, na pengine mtoto mwenyewe, na aliyeyafanya yote hayo anajulikana anakaa wapi.

"Kwa nini ulisema vile?" nilimuuliza. Sauti yangu ilikuwa juu, sikumbuki mara nyingine niliyompigia mama sauti namna ile.

"Nilikuwa na hasira," akasema. "Na kuku alikuwa mzuri."

Nilimwomba aje mjini akae kwangu. Alikataa. Alisema akiondoka na mkono wa mtoto ukaja kupinda, watasema amekimbia, na watamfuata kaka yangu au watoto wake. Nikaenda kwa yule bibi, nikamsihi tumpeleke mtoto hospitali mjini akapigwe picha. Alinikaribisha vizuri, alinipa hata kiti. Lakini alisema, "Mkono wake uko pamoja na ndege. Ukiufungua huko mjini, huku kutatokea nini?" Alisema kwa upole, na aliogopa kwelikweli, niliona. Alikuwa anampenda mjukuu wake. Sikuweza hata kumchukia, na nilitaka sana kumchukia.

Basi nikabaki. Duka likafungwa, wateja wangu wakanipigia simu mpaka wakachoka. Kazi yangu ikawa kumuuguza bundi. Mimi, muuza vitenge, nilikuwa naviziavizia panya kwenye ghala la kaka yangu na ndoo mkononi! Mama alimkatia nyama vipande vidogo, akamshikia kichwa kwa vidole viwili, na ndege akameza. Asubuhi tulikuta ametapika kidonge cha manyoya, na mama alikifumua kwa kijiti, akapanga mifupa ya panya juu ya jiwe, ule wa mguu, ule wa taya, midogo kabisa. Alikaa nayo muda mrefu. "Hakuvunja hata mmoja," akasema kwa kumstahi, kama fundi anayemsifia fundi mwenzake.

Niseme wazi, nilimchukia ndege yule siku za mwanzo. Nilimpa chakula huku nikimwambia, "Ole wako ufe." Alinitazama tu. Baadaye nikajikuta nainuka alfajiri, kabla sijanawa uso, naenda kuinua tenga nione kama anapumua, na akinifyonya kwa sauti ile yake ya mafuta, moyo wangu unatulia. Sijui kama ni kupenda. Labda ni hofu tu iliyozoea.

Kitongoji nacho kilitutazama. Kulikuwa na njia ya mkato iliyopita katikati ya ua wa mama, wanawake waliipita kila siku na ndoo zao kwenda kisimani, wanasalimia, wanaomba moto, wanacheka. Wakaanza kuzunguka kwa nje, kupitia shamba lililovunwa, penye visiki vya pamba vinavyochoma miguu. Hakuna aliyetutukana. Walizunguka tu, mmoja baada ya mwingine, wakiwa wametazama mbele. Mama alikuwa akiwatazama na kuwataja ni nani huyo, na yupi alimzalisha, na yupi alimuunga kifundo cha mguu. Mimi nilikuwa nahesabu wanaume waliokuwa wakipita na mapanga, ingawa ni msimu wa kung'oa masalia ya pamba na kila mwanamume anabeba panga.

Ndege alipata nguvu kwa muda. Alisimama, alijaribu kugeuza shingo nyuma kuling'ata banzi, na mama alifurahi, akasema mfupa unashika. Halafu akaacha kula. Tukimtia nyama mdomoni, anaiachia idondoke. Mama alimchua samli, akamlaza juani, akamlaza kivulini. Asubuhi moja niliinua tenga nikamkuta amelala ubavu, macho yamefumba. Ndipo nilipojua kwamba sikuwahi kumwona amefumba macho kabisa.

Nilikaa chini pale pale mavumbini. Mama alikuja, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye lile bawa kwa muda. "Mfupa ulikuwa umeunga," akasema. "Roho ndiyo iliyokataa."

Nikapata akili ya haraka. Nikamwambia, "Mama, sikiliza. Hakuna aliyeona. Tunamzika sasa hivi nyuma ya zizi, tunasema amepona, tumemfungua, ameruka. Basi! Bundi kapona, mtoto kapona, kila mtu analala."

Alifikiri. Naapa alifikiri, kwa sababu alikawia kujibu.

"Kwa kuku nilidanganya kwa huruma," akasema. "Kwa huyu nitakuwa nimedanganya kwa woga. Na siku mtoto akiumwa hata homa, watamtafuta alikorukia."

Akainuka, akasema anampeleka. Akanyoosha mkono kuchukua ungo ulioning'inia ukutani ambebee. Nilimpokonya. "Ungo, mama? Bundi juu ya ungo, asubuhi hii, wewe?" Hata yeye akashtuka, akaurudisha mahali pake. Akambeba kwa viganja viwili, wazi, kama mtu anavyobeba mayai ya watu.

Tulipita katikati ya shamba. Nilitembea nyuma yake. Ua wa jirani ulikuwa umejaa watu, walikuwa wanachambua pamba juu ya turubai, chafu huku, safi huku. Wana wawili wa bibi, watu wazima, walikuwa wamesimama karibu na lundo la masalia. Mtoto alikuwa amekaa juu ya pamba na mkono wake kifuani. Mama akapiga magoti, uzee wote ule, akamlaza ndege chini mbele yake.

"Mwangaluka," akasema.

Hakuna aliyeitikia. Wewe hujui jambo hilo kama hujakulia Usukumani. Mtu huitikia salamu ya adui yake, huitikia salamu ya mdeni wake, huitikia hata amelewa. Nikajikuta nimesogea mbele nimesimama kati ya mama na wale wanaume, sijui ningefanya nini.

"Ndege amekufa," mama akasema. "Nimekuja niwaambie mimi mwenyewe. Mfupa wake na mfupa wa mtoto haijawahi kujuana. Niliyasema yale kwa sababu ya hasira, sikutaka kuvunja kuku. Nileteeni mtoto nimfungue."

Bibi alimkumbatia mjukuu wake, akamrudisha nyuma. Mwana mmoja akasema neno kwa sauti ya chini, na mwenzake akainama akaokota kitu sikuona ni nini. Nilitaka kumshika mama tukimbie. Nilitaka kupiga yowe. Lakini mtoto, ambaye alikuwa amezoea mikono ya mama kwa ile samli aliyokuwa akimchua vidole kila alipokwenda kuangalia banzi, alijinasua, akashuka kwenye pamba, akaja mwenyewe.

Mama akafungua. Utepe, kisha mabanzi, moja moja, akiyaweka chini kwa mpangilio. Mkono ulitoka mwembamba, umepauka, ngozi inabanduka. Ulikuwa umenyooka. Lakini ulining'inia tu.

"Inua," mama akamwambia.

Mtoto hakuinua. Hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anamtazama bundi.

"Amelala?" akauliza.

"Amekufa, ng'wanawane."

Mtoto akachuchumaa, akaunyoosha mkono ule ule, taratibu, akafungua vidole, akampapasa ndege kutoka kichwani mpaka mkiani. Akarudia tena, na tena, kama anavyombembeleza mtoto wa mbuzi. Watu wote pale walikuwa wanautazama ule mkono unavyokwenda na kurudi.

Bibi alikaa chini juu ya pamba yake kama mtu aliyekatwa miguu. Kisha akasema, "Mwangaluka."

Ndipo mama akalia. Nami nikalia, tena kwa kelele, sina aibu.

Tulimzika bundi nyuma ya zizi, mchana, watu wakiona. Wifi alirudi na watoto. Mimi nikarudi dukani. Mama yuko kule kule mpaka leo. Wanawake wengine walirudi kwenye njia ya mkato, wanasalimia na kuomba moto. Wengine wanazunguka kwa nje mpaka sasa, na mama anawataja mmoja mmoja. Bibi alileta yule kuku, miguu yake yote mizima, na mama hajamchinja.

Kitu kimoja kilikuwa kimebaki kinanisumbua, na nilipokwenda kumwona msimu uliofuata nilimuuliza. Nilitaka kujua kwa nini alimwokota. Angeweza kumwacha. Mtu yeyote wa kule angemwacha, na yeye anajua kuliko wote.

Aliendelea kupukuchua mahindi. Kisha akasema, "Nilikuwa jikoni. Nikasikia mawe yanagonga, na watoto wanapiga kelele, 'Mchawi! Mchawi!' Nikajua wamefika. Nikafunga kanga yangu vizuri, sikutaka wanikute nguo zimelegea. Nikatoka nje. Kumbe ni ndege."

Akatupa gunzi.

"Nikafurahi, ng'wanawane. Nikamshukuru Mungu kwamba ni ndege. Halafu akanitazama."

 Niliinuka nikaingia jikoni kukoka moto wa jioni, na nilichambua mabua ya pamba moja moja, nikatafuta yale makavu yasiyotoa moshi.